Bayati Iliyogeuka Kurdi

Qanuni ya taarabu huwa na nyuzi zipatazo 78, zimepangwa tatutatu, kila nyuzi tatu kwa sauti moja. Upande wa kushoto wa mpigaji, chini ya nyuzi, kuna safu ya vipande vidogo vya chuma vinavyoinuliwa au kulazwa kwa kidole. Kikiinuliwa kimoja, uzi unafupika kidogo na sauti yake inapanda. Mpigaji hodari huvigusa katikati ya wimbo, mkono wa kulia ukiendelea na kazi yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Vipande hivyo ndivyo vinavyompa sauti ambazo kinanda cha kawaida hakina, zile zinazokaa katikati ya funguo mbili zinazofuatana. Bila sauti hizo hakuna bayati wala rasti, zile maqamu, yaani ngazi za sauti, zinazopigwa katika taarabu. Nalitaja hili mapema kwa sababu kisa chote kimesimama hapo.

Kijana wa kisa hiki simtaji jina, maana yeye ni wengi. Tuseme yuko Unguja, ana kompyuta ya mkononi, spika mbili nzuri na masikio mazuri zaidi. Amechoshwa na zile sauti za nyuzi za Kiarabu zinazokuja na programu, ambazo kila prodyuza mjini anazo na kila biti inazo. Anataka qanuni ya kwao, iliyopigwa na mtu wa kwao, ikae ndani ya sintesaiza yake ya kompyuta ili aibonyeze kwenye kibodi na kuitungia nyimbo. Hamu hiyo ni njema na naiunga mkono kwa moyo wote. Wanaoijua qanuni barabara ni wachache, na kila mmoja wao ana mkono wake.

Akaenda kwa mzee mmoja wa kikundi cha taarabu. Shikamoo, marahaba, kahawa, mazungumzo ya watu waliokwishatangulia mbele ya haki, kisha kazi. Mzee alikuwa ameshalinganisha nyuzi zake kwa kufuata akodiani ya kikundi, kama afanyavyo siku zote. Kijana akatega maiki, akawasha kinasa sauti chake kidogo, akamwomba mzee apige uzi mmoja baada ya mwingine, kila mmoja auache ulie mpaka uishe. Mzee akaona ajabu kidogo, lakini akapiga. Alipomaliza nyuzi akapiga na bayati fupi kwa raha yake mwenyewe. Bayati hiyo ilipokuwa inaishia, betri ya kinasa sauti ikakata.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, ingawa hakuna aliyejua. Faili ya sauti ya aina ya WAV huanza na kichwa cha maelezo: sauti ilipimwa mara ngapi kwa sekunde, kila kipimo kina ukubwa gani, kuna njia moja au mbili, faili ina urefu gani. Vinasa sauti vingi hukamilisha maelezo hayo pale tu mtu anapobonyeza kitufe cha kusimamisha. Betri ikikata kabla ya hapo, sauti yote inaweza kuwa imo ndani ya kadi, salama kabisa, ila kichwa chake hakijakamilika na programu inakataa kuifungua.

Kijana hakukata tamaa, na hilo ni la kumsifu. Programu kama Audacity ina njia ya kuingiza data ghafi: unaiambia isahau kichwa, isome namba kama zilivyo, na wewe mwenyewe unaitajia maelezo yaliyokosekana. Akajaribu. Alipokosea ukubwa wa kipimo, spika zikatoa kelele kama mvua ya mawe juu ya bati, akajua amekosea. Alipokosea idadi ya njia, sauti ikazama chini na kwenda nusu ya mwendo, akajua tena amekosea. Likabaki swali moja, vipimo vingapi kwa sekunde. Akaandika 44,100, kwa kuwa ndiyo namba ya CD na ndiyo aliyoizoea. Qanuni ikalia, safi na tamu, ina uzito fulani hivi. Akafurahi.

Kinasa sauti kilikuwa kimepima mara 48,000.

Tofauti hiyo ni ndogo mno kumshtua mtu. Sauti iliyopimwa mara 48,000 ikisomwa kwa 44,100 hurefuka kwa takriban asilimia 9 na kushuka karibu nusu toni moja na nusu ya nusu toni nyingine. Wataalamu wa sauti huigawa kila nusu toni katika sehemu 100 wanazoziita senti, na kwa hesabu hiyo mshuko ni senti kama 147. Uzi unaolia kwa sekunde 10 sasa unalia kwa karibu 11. Nani atagundua? Qanuni iliyoshuka kiasi hicho bado ni qanuni, na mtu asiyeishi nayo ataona imependeza zaidi. Makosa mawili ya mwanzo yalijitangaza yenyewe. Hili la tatu lilikaa kimya, na ndilo lililomaliza kazi.

Sasa akazikata nyuzi moja moja, kila moja ikawa faili yake, zile ambazo maprodyuza wanaziita sampo, akaziingiza kwenye sintesaiza. Sintesaiza haijui kilichomo ndani ya sampo. Inahitaji kuambiwa sauti hii ni ya ufunguo gani, ndipo iweze kuipandisha na kuishusha kwa ajili ya funguo za jirani. Programu yake ilikuwa na msaidizi anayesikiliza kila sampo na kupendekeza ufunguo ulio karibu, pamoja na senti zilizozidi au kupungua. Akamtumia. Matokeo yakajitokeza kwenye jedwali, na natamani kila anayefanya kazi hii angeliona jedwali lile kabla hajagusa kitu chake mwenyewe.

Karibu kila uzi wa mzee ulisomeka kuwa uko chini ya ufunguo wake kwa senti 47 hivi. Mmoja 46, mwingine 48, mwingine 45, wote katika mstari huohuo. Wachache tu walisomeka kuwa wako sawasawa, tofauti yao senti chache, na hao wachache walikuwa zile sauti za katikati, zile za bayati na rasti. Yaani kwa macho ya kompyuta, mzee alikuwa amekosea nyuzi zote za kawaida na kupatia zile tu ambazo kinanda hakina.

Mtu anayelinganisha nyuzi kwa mkono hakosei hivyo. Mkono ukikosea, hukosea huku na huku, uzi huu juu, ule chini. Kosa linapokuwa la kiasi kimoja katika nyuzi zote, limetoka kwenye faili. Jedwali lilikuwa linamwambia kijana wazi kabisa kwamba sauti nzima imehama. Yeye akasoma kitu kingine: kwamba mzee kazeeka, masikio yamechoka, nyuzi zimelegea. Akamwonea huruma mzee wa watu. Akabonyeza kitufe cha kusahihisha.

Programu ikavuta kila uzi hadi kwenye ufunguo ulio karibu. Nyuzi za kawaida zikapandishwa senti 47. Zile za katikati hazikuguswa ila senti chache. Fuata hesabu hii polepole, maana hapa ndipo penye kisa. Katika bayati, sauti ya pili hukaa juu ya sauti ya kwanza kwa senti kama 150, kidogo zaidi au kidogo pungufu kulingana na mpigaji na mahali. Sauti ya kwanza ilipopandishwa 47 na ya pili ikaachwa karibu pale pale ilipokuwa, nafasi baina yao ikawa senti 100, nusu toni kamili. Sauti ya tatu na ya nne, kwa kuwa zilipanda pamoja na ya kwanza, zikabaki zilipotakiwa. Ukipanga ngazi yenye hatua ya kwanza ya nusu toni na sauti nyingine zikibaki pale pale, hupati bayati iliyoharibika. Unapata maqamu nyingine kabisa, kamili, yenye jina lake na hisia yake, nayo ni kurdi.

Kisha akasafisha. Kitufe kimoja kikakata kimya cha mwanzo wa kila sampo, na pamoja na kimya kikaondoa ule mguso mdogo wa kidonoo kinachovaliwa kwenye kidole cha shahada kinapogusa uzi kabla haujalia. Kitufe kingine kikapandisha kila sampo hadi kilele kimoja, hata uzi uliopigwa kwa upole ukawa na nguvu sawa na uliopigwa kwa ukali, na pikipiki ya barabarani iliyokuwa mbali ikasogea karibu. Kadi ikajaa, akafuta faili kubwa ya mwanzo. Alishapata alichokitaka, ya nini kuhifadhi faili isiyofunguka?

Baada ya muda akampelekea mzee biti aliyoitunga, kwa heshima, simu mkononi na spika ndogo ya kubebea. Mzee akasikiliza mpaka mwisho.

"Nzuri, mwanangu. Nani huyu anayepiga?"

"Ni wewe, maalim. Ni ile qanuni yako tuliyorekodi."

"Hapana. Huyu anapiga kurdi. Mimi siku ile nilikupigia bayati."

"Ni bayati, maalim. Nimeipanga vile vile ulivyopiga, noti kwa noti."

"Bayati naijua. Ile sauti ya pili umeipeleka wapi?"

Kijana akaenda nyumbani akiwa na swali hilo, na kwa bahati alikuwa mtu wa kutafuta sababu. Ushahidi alioubakiza ni kipande cha video alichojirekodia kwa simu siku ile, sekunde chache tu za mzee akipiga. Akakilinganisha na sampo zake na kukuta video iko juu. Akapima tofauti, akakuta uzi wa kwanza umepungua nusu toni kamili kutoka mahali pake. Akaongezea zile senti 47 zilizopandishwa na programu, akafanya hesabu kurudi nyuma, 48,000 kugawa kwa 44,100, na kitu kizima kikafunguka mbele yake.

Kosa la mwendo lenyewe lilikuwa linatibika kabisa. Kusoma namba kwa mwendo usio wake hakupotezi namba hata moja. Angekuwa bado na faili ya mwanzo, angeisoma upya kwa 48,000 na yote yangerudi kwa dakika moja. Lakini faili ya mwanzo haikuwepo, na kilichobaki kilikuwa kimepita kwenye kitufe cha kusahihisha. Angeweza kuzishusha nyuzi za kawaida senti 47, kuzirudishia mwendo wake na kudai kuwa amezipata. Za katikati hakuweza, kwa sababu hakuandika popote kila uzi ulikuwa umepungukiwa senti ngapi hasa. Zile senti chache ambazo programu ilizifuta kama takataka ndizo zilizokuwa bayati ya mzee huyu, mahali ambapo sikio lake limeiweka sauti ya pili kwa miaka yote aliyopiga. Mguso wa kidonoo haukurudi, wala tofauti ya upole na ukali.

Mengine ya kiufundi nayapitia haraka, ingawa nayo yamewaliza watu. Ufunguo wa katikati wa kinanda, ambao katika MIDI, lugha ya namba ya ala za kielektroniki, ni namba 60, Yamaha huuita C3 na Roland huuita C4. Ukiipa sampo jina la herufi bila namba ya MIDI, siku ukibadili programu unaweza kukuta qanuni yako imeruka oktava nzima. Sintesaiza nyingi hazimezi sampo, hukumbuka tu zilipo, kwa hiyo ukihamisha folda au kuchomoa flashi, wimbo unafunguka mtupu. Sampo moja ikitandazwa kwenye kinanda kizima huharibika kila unapoipandisha, kwa sababu unapandisha pamoja na uzi sanduku la qanuni na ile ngozi iliyo chini ya daraja lake, na mwisho unapata sauti ya mwanasesere. Na qanuni huishi kwa mtetemo: mpigaji hudona uzi mmoja mara nyingi kwa haraka, mkono kwa mkono, na hakuna mdono unaofanana na mwenzake. Ukiwa na sampo moja tu ya uzi huo, ukiirudiarudia inalia kama cherehani. Tiba yake ni kurekodi mdono wa uzi mmoja mara kadhaa, wa upole na wa nguvu, na kuiambia programu izizungushe. Ni kazi ya kuchosha, na haina njia ya mkato.

Kulikuwa na jambo la pili, na kwangu mimi ndilo zito zaidi. Kabla mzee hajasikia chochote, kijana alikuwa ameshawagawia wenzake folda ile. Faili aliziita "kinubi cha kiarabu 1", "kinubi cha kiarabu 2", na kuendelea. Ndani yake hapakuwa na jina la mzee, wala kikundi, wala Unguja, wala hata neno qanuni. Folda ikatembea. Baadaye akaisikia kwenye tangazo la redio, kurdi ile ile yenye pikipiki ile ile kwa mbali, na aliyelitengeneza tangazo hakujua wala hakuwa na njia ya kujua vidole vile ni vya nani.

Tunajua jambo hili linaweza kufika wapi, kwa kuwa limeshatokea mbele ya dunia nzima. Mwaka 1970 mtafiti wa muziki Hugo Zemp alikuwa kisiwa cha Malaita, katika Visiwa vya Solomon, akirekodi nyimbo za watu wa Baegu. Mwanamke mmoja, Afunakwa, akamwimbia Rorogwela, wimbo wa kumbembeleza mtoto aliyefiwa na wazazi. Rekodi hiyo ikatoka kwenye sahani katika mfululizo wa UNESCO. Mwaka 1992 kundi la Deep Forest la Ufaransa likaiingiza sauti hiyo kwenye mashine zake, likaizungushia ngoma na vinanda, ikawa "Sweet Lullaby", wimbo uliouzwa duniani kote na kutumika kwenye matangazo ya biashara. Jina la Afunakwa halikuandikwa. Albamu yenyewe ilijitambulisha kwa watu wa misitu ya Afrika ya Kati, na wasikilizaji wakaamini kuwa sauti ile inatoka huko. Mwaka 1996 mpiga saksafoni wa Norway, Jan Garbarek, mwanamuziki makini, aliipiga melodia hiyo kwenye albamu yake kwa jina la "Pygmy Lullaby". Sauti ya mama wa kisiwa cha Pasifiki ilikuwa imehamishiwa bara jingine na kupewa watu wengine, kwa sababu tu maelezo hayakusafiri pamoja nayo. Mwaka 2000 mwanaanthropolojia Steven Feld alipoandika kisa hicho kwa ukamilifu, mamilioni walikuwa wameshaizoea sauti hiyo bila jina.

Linganisha na Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, aliyerekodi Bombay mwaka 1928. Karibu karne moja imepita, na bado mtu akiwekewa sahani hizo anaambiwa: huyu ni Siti, wa Zanzibar. Teknolojia ya wakati ule ilikuwa duni mara elfu kuliko ya kijana wetu. Ila sahani ilikuwa na lebo, na lebo iliandikwa jina la mwimbaji.

Kisheria pia, wengi hudhani kwamba wimbo wa zamani usio na mtunzi anayejulikana ni mali ya kila mtu, basi na sampo yake ni bure. Haki ya mpigaji juu ya rekodi ya upigaji wake ni kitu mbali na haki ya mtunzi. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003 na ofisi yake, COSOZA. Bara kuna sheria ya mwaka 1999 na COSOTA. Kwenda kuuliza ni hatua fupi. Lakini hata kama pasingekuwa na ofisi yoyote, mzee alikupa mchana wake, kahawa yake na vidole vyake, na jina lake lina herufi zisizozidi ishirini. Faili ya WAV ina nafasi ya kuziandika ndani yake, na jina la folda linazibeba bila gharama yoyote.

Kijana akawatafuta wote aliowapa folda, akawaeleza, akawaomba waifute. Baadhi walifuta. Mzee alikuwa ameshasafiri kwenda Maskati kwa binti yake, na qanuni yake akaibeba, kwa hiyo palibaki kusubiri na kutumiana sauti kwenye simu. Katika kusubiri huko kijana alijifunza lile aliloliruka mwanzo. Akajifunza kwamba sintesaiza kadhaa, Surge na Vital zikiwemo, hukubali jedwali la kulinganisha linaloiambia programu kila ufunguo ulie kwa senti ngapi, hata zile zisizo za kinanda. Maana yake uzi hauhitaji kusahihishwa hata kidogo. Unauacha ulivyo, unaandika ulivyo, na kinanda ndicho kinachoufuata.

Mzee aliporudi walikaa tena. Safari hii karatasi ilitangulia maiki. Waliandikiana sauti hizi zitatumika wapi, nani anaweza kupewa na nani hawezi, fungu la mzee ni lipi ikiwa zitauzwa, na jina lake litaandikwaje. Mzee akaongeza sharti lake mwenyewe: kila uzi uandikwe kwa jina lake katika maqamu, si kwa herufi za kinanda peke yake. Betri zilikuwa mpya na nyingine zikakaa mezani. Kabla ya uzi wa kwanza, kijana akatamka mbele ya maiki tarehe, jina la mpigaji na namba 48,000, halafu akamwomba mwenye akodiani abonyeze sauti moja ya kipimo, ili hata kichwa cha faili kikipotea tena, ukweli uwe umo ndani ya sauti yenyewe. Faili nzima ikanakiliwa sehemu mbili kabla haijakatwa.

Alipopima, sauti ya pili ya bayati ya mzee ilikaa chini kidogo ya senti 150. Akaiandika ilivyo, akaipeleka kwenye jedwali, akapiga ngazi nzima kwenye kibodi mbele yake.

"Hii sasa ndiyo," mzee akasema. "Haya, nipigie rasti."

Kijana akapiga rasti kwa jedwali lile lile, na mzee akatikisa kichwa kabla hajafika juu. Sauti ile ile ya katikati, ikiwa ndani ya rasti, hukaa juu kidogo kuliko inavyokaa ndani ya bayati. Mpigaji huinua kipande chake cha chuma na kusonga mbele bila kufikiri. Kijana akamwomba apige tena uzi ule, akafungua jedwali la pili.